Kusimulia kwa macho ya mwingine: uzoefu wa mwalimu wa Goma

Nafundisha katika shule moja ya sekondari hapa Goma, mashariki mwa Kongo, katika mkondo wa ualimu, yaani wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho wanaandaliwa kwenda kufundisha shule za msingi. Masomo yao karibu yote wanayapata kwa Kifaransa, lakini sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia katika shule ya msingi, na huku kwetu Kivu lugha hiyo ni Kiswahili. Mwalimu kijana ambaye hajawahi kuandika hadithi hata moja kwa Kiswahili atajikuta mbele ya watoto wa miaka sita akiwa hana cha kuwasomea, kwa kuwa vitabu ni vichache na vilivyopo vinazungumzia mahali ambapo watoto hao hawajapaona. Hoja hiyo ndiyo niliyompelekea prefe, yaani mkuu wa shule, nilipoomba saa moja kwa juma ya uandishi wa kubuni. Alinipa saa ya mwisho ya Jumamosi, ile ambayo hakuna mwalimu anayeigombania, akaweka sharti kwamba isiguse maandalizi ya Mtihani wa Taifa.

Naandika haya kwa ajili ya mwalimu mwenzangu anayetaka kuwafundisha vijana kusimulia tukio kwa macho ya mtu mwingine, hasa mwalimu aliye katika mji kama huu, ambako karibu kila mwanafunzi ameshakimbia angalau mara moja katika maisha yake. Somo hili linaonekana jepesi linaposomwa kitabuni. Darasani lina gharama ambazo kitabu hakizitaji.

Wanafunzi wenyewe walikuwa wanajua kuandika. Tangu shule ya msingi wameandika insha za likizo, za siku ya sikukuu, za safari ya kwenda kwa babu, na "mimi" wa insha hizo ni mtu asiye na umri, asiye na mtaa, asiye na deni: ameamka asubuhi, amekwenda, amerudi, amefurahi. Nilipowataka wasimulie jambo lile lile wakiwa mtu mwingine, walichofanya karibu wote ni kubadilisha kiambishi. "Nilishuka" ikawa "alishuka", "nikaogopa" ikawa "akaogopa", na karatasi ikarudishwa kana kwamba kazi imekwisha.

Tukio la kwanza nililolichagua lilikuwa dogo kwa makusudi. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imebeba viazi kutoka Kibumba, inateremka, breki inagoma, inaangukia meza ya mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kando ya barabara. Kila kundi lilipewa mtu wake: mwenye chukudu, mama wa sambaza, mteja aliyekuwa akipatana bei, polisi wa barabarani, mtoto aliyekaa chini ya meza. Karatasi ziliporudi, zote zilikuwa hadithi moja. Mwenye chukudu alieleza kwamba mama yule alikuwa amekopa fedha za kununulia sambaza. Mama alieleza kwamba breki ya chukudu ilikuwa imelika tangu jana yake. Mtoto aliye chini ya meza aliona uso wa polisi aliyesimama ng'ambo ya barabara. Wote walijua kila kitu, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameshirikiana kulitunga tukio na hawakuona sababu ya kumficha mhusika wao jambo lolote.

Juma lililofuata hatukuandika kitu kipya. Tulichukua karatasi zile zile, nikamtaka kila mmoja apige mstari chini ya kila jambo ambalo mtu wake hawezi kulijua kwa wakati ule, kisha aliandike upya bila hayo. Zilibaki sentensi chache sana, na darasa likakasirika kuona kazi yake imeliwa hivyo. Mmoja aliniuliza kama alama nazo zitapungua. Hata hivyo zile chache zilizobaki zilikuwa na mwenyewe. Mtoto wa chini ya meza alibaki na miguu: viatu vya mteja, gurudumu linalokuja, mkono wa mama unaomvuta kwa nguvu hadi bega likamuuma. Aliyeandika hayo ni kijana ambaye katika insha za Kifaransa huwa wa mwisho.

Tangu wakati huo sianzi somo la mtazamo kwa kueleza nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu. Istilahi hizo ni za lazima na zinakuja baadaye, lakini mwanafunzi anayezipokea mwanzoni hudhani kwamba mtazamo ni suala la sarufi tu. Naanza na swali la nini mtu huyu hakijui, halafu amesimama wapi, halafu anataka nini katika dakika hii. Namkazia mwalimu mwenzangu swali la kwanza kuliko mengine yote. Wanafunzi wetu wamefundishwa kwa miaka mingi kwamba kuandika vizuri ni kuonyesha yote unayoyajua, kwa hiyo kuwaomba waandike kutojua ni kuwaomba wakiuke jambo walilosifiwa siku zote, na hilo linahitaji subira.

Baada ya hapo tukaingia katika jambo ambalo nadhani Kiswahili kinalifanya kwa urahisi wa pekee: jinsi mtu anavyoitwa. Yule mama wa sambaza, kwa majirani zake ni Mama Bahati. Kwa Bahati mwenyewe ni mama. Mumewe akizungumza na rafiki zake atasema mama watoto. Mteja anayetaka kupunguziwa bei atamwita dada, hata kama amemzidi umri. Mteja huyo huyo akinyimwa punguzo ataondoka akisema "yule mwanamke wa sambaza". Polisi anayeandika taarifa atasema "mama huyu". Niliwapa wanafunzi aya moja iliyosimuliwa kwa nafsi ya tatu, nikawaomba wabadilishe tu namna mama huyo anavyotajwa, bila kugusa kitu kingine. Aya ilihama kutoka kichwa cha mtu mmoja kwenda cha mwingine mbele ya macho yao. Vivyo hivyo kwa huyu, huyo na yule: anayesema "huyu askari" amesimama karibu naye, anayesema "yule askari" ameshapata umbali, na mwandishi anayeyachanganya katika aya moja bila sababu anamrusha msomaji huku na huku. Zoezi hili halihitaji karatasi nyingi, linafanyika hata kwa mdomo, na kwa darasa lenye wanafunzi wengi kama langu hilo si jambo dogo.

Muhula uliofuata nikaleta usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Sikuhitaji kuwaeleza. Ilikuwa Jumamosi jioni, Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ikapasuka pasipo watu kuonywa, anga ikawa nyekundu, na watu kwa maelfu wakaanza kutembea, wengine kuelekea mpakani na Gisenyi, Rwanda, wengine kuelekea Sake. Lava iliteketeza nyumba na vijiji vya upande wa kaskazini, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao thelathini walifariki, watoto wengi wakapotezana na wazazi wao, kisha matetemeko ya ardhi yakafuata siku baada ya siku hadi tarehe 27 Mei, serikali ilipoamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe kwa hofu ya lava iliyokuwa chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Kila mwanafunzi alikuwa na mahali pake katika usiku huo, na kila mmoja alikuwa na mtu mwingine aliyekuwa naye ambaye aliuona kwa namna tofauti. Kitabu gani kingenipa tukio kama hilo?

Kwanza waliandika wao wenyewe, nusu ukurasa tu. Kisha kila mmoja akachagua mtu aliyekuwa hatua chache kutoka kwake usiku ule, akaanza upya. Hapa lile kosa la kujua yote lilirudi kwa nguvu mpya. Mvulana mmoja aliyeandika kwa macho ya baba yake alisema, akiwa bado saa mbili usiku, kwamba familia ilikimbia ingawa lava haikufika uwanja wa ndege. Wenzake wenyewe ndio waliomkatiza. Saa mbili usiku nani alijua itasimama wapi? Tukachora ubao mzima: upande mmoja saa, upande mwingine kile kilichojulikana Buhene, Majengo, Himbi na ng'ambo ya mpaka. Buhene walikuwa na joto na mlio wa mabati yanayojikunja. Himbi, karibu na ziwa, walikuwa na wekundu wa anga na simu za jamaa zinazopingana. Mpakani walikuwa na migongo ya watu tu. Ubao huo nimeutumia kila mwaka tangu hapo, na namshauri mwalimu yeyote achore wa tukio la mji wake, iwe ni mafuriko, moto wa soko au mechi iliyovunjika, kabla mwanafunzi hajashika kalamu.

Lililotoka bora kuliko yote lilihusu bibi na mjukuu katika kiwanja kimoja. Mjukuu alizaliwa baada ya mwaka 2002. Kwake ule wekundu ulikuwa kitu kisicho na jina. Bibi alikuwa ameiona lava ya Januari 2002 ikipita katikati ya mji, ikaigawa Goma vipande viwili na kuingia ziwani, ikawaacha watu zaidi ya laki moja bila nyumba. Kwa hiyo wakati mjukuu anamvuta mkono wakimbie, bibi anakataa kuondoka mpaka ajue moto umeshika njia gani, kwa sababu anajua kwamba anayekimbilia upande usiofaa anaweza kukatiwa njia. Mjukuu anamwona bibi mkaidi. Bibi anamwona mjukuu anayetaka kumpeleka kwenye moto. Msichana aliyeandika hadithi hiyo aliiandika mara mbili, kila mmoja na upande wake, na hakuna upande uliomtukana mwingine. Niliisoma mbele ya darasa kwa ruhusa yake, na kwa mara ya kwanza hawakuuliza nani alikuwa na haki.

Sasa nije kwenye gharama. Siku ya kusomeana kazi za usiku ule, msichana mmoja alitoka nje katikati ya usomaji wa mwenzake na hakurudi hadi kengele. Mdogo wake alikuwa mmoja wa wale waliopotea katika msongamano na kupatikana baadaye, na hadithi iliyokuwa ikisomwa ilikuwa ya mama anayemtafuta mtoto. Hakuna aliyemkosea, wala mwenzake hakujua. Lakini mwalimu anayeleta tukio kama hili darasani lazima aweke mlango kabla ya kulileta. Kwangu mlango huo sasa una kanuni zinazotangazwa siku ya kwanza: mwanafunzi anaweza kutoka bila kuomba ruhusa na bila kueleza, anaweza kuandika tukio jingine kabisa na kupata alama zile zile, hakuna anayelazimishwa kusoma kwa sauti, na anayesoma anatangaza kwanza hadithi yake inahusu nini, ili asiyetaka kuisikia aondoke mapema. Namwomba pia mwalimu mwenzangu, wa somo lolote, awe karibu siku ya usomaji, kwa kuwa siwezi kumfuata aliyetoka na huku nikabaki na darasa.

Gharama nyingine ilikuja kuanzia mwisho wa mwaka 2022, walipoanza kuingia darasani wanafunzi waliokimbia vita vya upande wa Rutshuru, wengine wakilala Kanyaruchinya chini ya mahema, wengine wakibanana kwa jamaa mjini. Vitabu vingi vya uandishi hupendekeza zoezi la kumwandika adui yako kwa nafsi ya kwanza, na kwa mbali ni pendekezo zuri, kwa kuwa hakuna njia nyingine inayoonyesha haraka hivyo kwamba kila mtu anajiona ana sababu. Wanafunzi wa zamani walilitaka zoezi hilo wenyewe. Walikuwa wameshapata hamu ya kuingia katika vichwa vya watu wabaya. Nililiweka kando. Kumtaka kijana aliyechomewa nyumba aseme "mimi" kwa kinywa cha aliyeichoma, juma chache baada ya kukimbia, ni kumtaka alipe kwa ajili ya ufundi wa uandishi, na kama huo ufundi una thamani hiyo, kijana mwenyewe ndiye wa kusema na wakati ni wake. Najua walimu wasiokubaliana nami katika hili, wanaosema kwamba kuandika huponya. Huenda kukaponya. Mimi si mganga, na darasa la Jumamosi saa sita mchana si mahali pa kujaribia dawa.

Badala yake tulianza na wakosaji wadogo wa mjini. Kibaka wa simu wa Birere. Mwenye nyumba anayempandishia mpangaji kodi katikati ya mwezi. Mteja aliyelipa kwa noti iliyochanika na anajua. Mwanafunzi aliyeiba mtihani. Watu hawa wanatosha kabisa kufundisha kwamba mkosaji anayejisimulia hajioni mkosaji, na kwamba kazi ya mwandishi ni kutafuta ile sentensi ambayo mtu huyo anajiambia ili alale usingizi. Kibaka mmoja, katika hadithi ya kijana wa Ndosho, hakuwahi kutamka neno "kuiba". Alisema "kuokota" tangu mwanzo hadi mwisho, na darasa lilicheka hadi lilipofika mahali anapookota simu kutoka mfukoni mwa mama mjamzito aliyeanguka. Hapo kimya kikaingia bila mwandishi kuhubiri lolote.

Kuna jambo la usalama ambalo mwalimu wa mji wenye amani hatalifikiria. Hadithi iliyoandikwa kwa macho ya mtu aliyeona jambo ni karatasi inayoweza kusomwa na mtu usiyemtarajia kama ushahidi. Katika darasa langu hakuna majina halisi ya watu, hakuna jina la kundi lolote lenye silaha, hakuna sare inayoelezwa kwa namna ya kutambulika, na tukio lolote la vita linahamishiwa mahali ambapo hapapo. Madaftari ya saa hii hayabebwi nyumbani. Yanabaki katika kabati lenye kufuli, na mwisho wa mwaka kila mmoja huamua kama lake analichukua au tunalichoma. Baadhi ya wanafunzi huona huo ni uoga unaopunguza ladha. Mimi naona mhusika asiyetambulika bado anaweza kuwa na njaa, haraka na uongo wake, na hivyo ndivyo vitu anavyovihitaji msomaji.

Kwa wale ambao hawakuwa tayari kuwa mtu mwingine yeyote, vitu na wanyama vilifaa sana. Ngano zetu zimetuzoesha fisi na sungura kusema, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu nilipoomba chukudu isimulie siku yake. Mvulana mmoja kutoka kambini, ambaye kwa majuma mengi alikuwa akirudisha karatasi tupu, aliandika kurasa mbili kwa sauti ya chukudu ya mkaa ya babake, akaeleza safari yote ya kutoka kijijini bila kutaja mtu hata mmoja ila kwa uzito wake: aliyekaa mbele mwepesi, mzigo wa nyuma mzito, na mahali fulani njiani uzito mmoja haupo tena. Sikuuliza. Katika hadithi za namna hii kuna uamuzi mmoja wa sarufi unaostahili kuzungumzwa darasani: msimulizi wa nje akiandika "chukudu imechoka" kinabaki kifaa, akiandika "chukudu amechoka" tayari amekipa nafsi, na baada ya hapo hawezi kurudi nyuma bila msomaji kushtuka. Achague mapema na ashikilie.

Tulikwama kwa muda mrefu katika suala la lugha ya msimulizi. Tumewafundisha wanafunzi kwamba kinachoandikwa ni Kiswahili sanifu, na kile cha Goma ni cha kuongea tu. Sasa mama wa sambaza akisimulia kwa nafsi ya kwanza, atasimulia kwa Kiswahili kipi? Akisema "niliwatafuta wanangu kila pembe" kwa usanifu wote, amegeuka mtangazaji wa redio. Akiandikwa neno kwa neno kama anavyosema, wanafunzi wenyewe wanaanza kumcheka, na kicheko hicho kinamshusha mtu ambaye hadithi ilitaka tumheshimu. Njia tuliyoishia, na siidai kuwa ndiyo pekee, ni kuacha usimulizi katika Kiswahili cha wastani lakini kwa mpangilio wake wa mawazo, viapo vyake na hesabu zake za bei, kisha kuacha mazungumzo yawe ya Goma kabisa. Mtoto anapiga kelele, "Mama, moto inakuya!" na mama anajibu, "Batoto beko wapi?" Hakuna aliyecheka hapo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameisikia sentensi hiyo usiku ule. Bibi anayewaza kwa Kihunde au Kinande ana shida yake zaidi; hapo tunaweka neno moja au mawili ambayo mjukuu wake angeyaelewa, na basi.

Kuhusu nafsi ya pili sina mengi. Wanafunzi waliipenda kwa sababu inafanana na kuelekezwa njia, "unashuka, unapita soko, unakata kushoto", lakini baada ya ukurasa mmoja inachosha, na mara nyingi "wewe" huyo ni "mimi" aliyejificha. Msimulizi anayejua yote ninamfundisha mwisho wa mwaka. Wenzangu hushangaa, kwa kuwa ndiye aliyezoeleka zaidi. Ndiyo sababu yenyewe: mwanafunzi akishazoea kumnyima mhusika habari, akirudi kwa msimulizi huyu anagundua kwamba kujua yote hakumlazimishi kusema yote, na anaanza kuchagua ni lini aingie moyoni mwa nani.

Kusahihisha kulinichosha kuliko kufundisha. Darasa ni kubwa, karatasi ni za mwalimu kununua, na umeme hauaminiki. Nilichofanya ni kuwaachia wanafunzi sehemu ya kazi: karatasi zinakusanywa bila majina ya wahusika wala ya waandishi, zinagawanywa upya, na msomaji anaandika pembeni ni mstari wa ngapi alipomtambua anayesema, na ni neno gani lililomtambulisha. Akifika mwisho bila kumtambua, karatasi inarudi kwa mwenyewe. Mimi nasoma zile zilizopita tu. Alama nazitoa kwa uthabiti wa mtazamo na kwa uteuzi wa maelezo; makosa ya tahajia nayazungushia duara bila kuyapunguzia alama, jambo ambalo mkaguzi akija nitalazimika kulitetea. Wazazi wawili watatu walikuja kuuliza saa hii inasaidia nini katika Mtihani wa Taifa. Niliwajibu ukweli, kwamba haisaidii moja kwa moja, na kwamba imewekwa kwa ajili ya kazi watakayoifanya baada ya mtihani. Mmoja aliridhika.

Kazi hiyo waliionja walipokwenda kwenye mafunzo ya vitendo katika shule za msingi. Niliwaruhusu wajaribu somo la mtazamo katika darasa la tatu, wengi wakarudi wakisema haiwezekani: mtoto wa miaka minane ukimwambia "andika ukiwa mama yako" anaandika "mama yangu ni mzuri". Mwanafunzi mmoja alipata njia. Alileta vitu vya nyumbani, kitenge, kofia ya kiwandani, ungo, kijiti cha kutembelea, akaweka kanuni kwamba aliyejifunga kitenge anajibu maswali ya wenzake akiwa mwenye kitenge mpaka akifungue. Watoto waliuliza bei ya unga, waliuliza kwa nini jana alimpiga mtoto, waliuliza kwa nini hali chakula mezani na baba. Majibu ndiyo yaliyoandikwa ubaoni, na ubaoni yakahamishwa madaftarini. Mwaka huu wote wanakwenda na vitu vyao, na kitu cha kwanza ninachowaagiza ni kukubaliana na mwalimu mwenye darasa kwamba swali lolote ambalo mtoto hataki kulijibu linapita kwa anayefuata.